Tuisheni ya Kichwa

Kwetu Mgeta hakuna uwanja wa mpira uliolala. Kuna mahali panapoitwa uwanja kwa sababu pana magoli mawili ya miti, lakini goli moja liko juu na jingine liko chini, na ukiwa kipa wa kule chini unawaona washambuliaji wakikujia kama watu wanaoshuka ngazi. Upande wa kushoto kuna matuta ya kabichi ya mzee mmoja asiyependa mchezo wowote. Upande wa kulia hakuna kitu. Ardhi inakwisha tu, kinachofuata ni bonde, na chini kabisa kuna mto ambao unausikia vizuri zaidi kuliko unavyouona.

Kwa hiyo tulipokuwa watoto tulikuwa na sheria moja iliyozishinda zote. Mpira ukikupita ukaingia bondeni, unaufuata wewe. Haumhusu kipa wala aliyeupiga. Wewe uliyekuwa karibu ukashindwa kuuzuia ndiye mwenye safari. Unashuka kwa kushika majani, unautafuta kwenye migomba, unapanda nao ulimi nje, na ukifika juu unakuta wenzako wamechoka kukungoja wamekwenda kula.

Mimi nilishuka bonde lile mara nyingi kiasi kwamba nikaamua kusoma. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikulia kwenye mteremko uleule miaka mingi baadaye, naye akaamua jambo tofauti: hakuna mpira utakaompita. Atauzuia kwa mguu, kwa kifua, kwa tumbo, na ukiwa juu, kwa kichwa. Alipokuja mjini Morogoro kwa masomo ya sekondari, walimu wa michezo waligundua kwamba wamepata beki wa kati asiyejua kukwepa. Walifurahi sana. Hakuna aliyejiuliza ni kitu gani kilimfanya mtoto asijue kukwepa.

Ubongo wake ulitikiswa mara tatu kabla hajamaliza kidato cha tatu. Mara ya kwanza aligonga nguzo ya goli. Alisimama, akacheza hadi mwisho, akauliza nani ameshinda, akaambiwa, akauliza tena, na watu wakacheka. Mara ya pili kichwa chake na kichwa cha mshambuliaji vilitaka mpira mmoja. Mara ya tatu ulikuwa mpira tu, tena wa kawaida, ambao zamani ungemfanya apanguse uso akaendelea. Safari hii alikaa chini katikati ya uwanja, mchezo ukiendelea, akaanza kuvua viatu taratibu, kimoja kimoja, kama mtu aliyefika nyumbani.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia.

Lazima nieleze kwa nini ilikuwa yangu. Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama, yaani mjomba. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti kizuri na paja la kuku, lakini jambo likiwa zito watu wanampita kwa adabu na kwenda kumtafuta mjomba. Mke wangu, ambaye kwao ni Kilimanjaro, hajaizoea hali hii mpaka leo. Kwao mjomba ni mtu wa kuja kwenye sherehe, akala, akasinzia, akasindikizwa.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Umesikia habari za kichwa?"

"Nimesikia. Pole sana."

"Pole yako. Kichwa ni chako. Si wewe ndiye uliyesoma?"

Dada yangu ni mkubwa kwangu, analima karoti na njegere, na swali hilo ananiuliza tangu nilipomaliza chuo kikuu. Ameliuliza kwa shida za mbolea, za jino, na mara moja kwa shida ya ng'ombe.

"Dada, mimi nilisoma fasihi."

"Uliisomea wapi, kwenye goti? Si kichwani? Basi. Na kikiharibika usiniletee kiwiliwili peke yake."

Nikamchukua mpwa wangu kutoka bweni la shule nikamleta nyumbani kwangu Bigwa, chini ya mlima, kisha nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada kijana aliyeniamkia "shikamoo, mzee" kwa heshima iliyonichoma. Alitueleza vizuri. Ubongo, alisema, umekaa kichwani kama kiini ndani ya yai. Ukilitikisa yai, ganda halipasuki, ukiliangalia utasema zima, lakini ndani kumevurugika na kunahitaji muda kutulia. Ukilitikisa tena kabla halijatulia, unacheza kamari na kitu ambacho hakiuzwi dukani. Kwa hiyo apumzike kwanza. Akiwa nafuu, atembee. Akitembea bila maumivu, akimbie polepole. Baadaye auguse mpira peke yake, kisha na wenzake bila kugongana. Kichwa kikianza kuuma katika hatua yoyote, anarudi hatua ya nyuma. Kupiga mpira kwa kichwa, asifikirie kabisa.

"Na majaribio?" mpwa wangu akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Timu moja ya wasichana ya Dar ilikuwa inakuja Morogoro mwezi uliofuata kutafuta wachezaji. Kocha wa shule alishamwambia mpwa wangu kwamba jina lake limetajwa. Kwa mtoto aliyejifunza mpira kwenye ukingo wa bonde, hili lilikuwa jambo la kuota macho wazi.

Daktari hakumkatisha tamaa. Alisema wiki ya majaribio arudi, atampima, ikionekana kichwa kimetulia watazungumza. Ikionekana hakijatulia, hapana. Pigo la nne juu ya kichwa ambacho hakijapona la tatu linaweza kuchukua kumbukumbu, masomo, hata mwendo. Akampima siku ileile ili apate pa kulinganishia. Alimtajia maneno matano akamwomba ayarudie baada ya muda: kisu, ndizi, mvua, redio, jirani. Akamwambia ataje miezi kinyumenyume. Akamsimamisha mguu mmoja mbele ya mwingine, macho amefumba. Mpwa wangu alikumbuka kisu na mvua, akapotea mahali fulani kati ya Oktoba na Julai, na akayumba kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Kwa hiyo akija tena ni mtihani," nikasema.

"Ni uchunguzi, mzee."

"Lakini kuna kufaulu na kufeli."

Daktari akasita kidogo. "Tunaweza kusema hivyo."

Hakupaswa kumwambia hivyo Mtanzania aliyepita darasa la saba, kidato cha nne na kidato cha sita. Sisi tukisikia neno mtihani hatuulizi unapima nini. Tunauliza wa mwaka jana uko wapi. Huo wa mwaka jana mimi nilikuwa nao kichwani, na kichwa changu kilikuwa kizima.

Nilimpumzisha kwanza, lazima niseme hivyo. Siku za mwanzo alilala chumbani, pazia limefungwa, simu yake ikiwa kabatini kwa mke wangu. Alipoanza kukaa barazani, nikafungua darasa.

Kila alasiri, chai ikishamiminwa, nilikuwa nasema, "Haya, maneno."

"Kisu, ndizi, mvua, redio, jirani."

"Miezi."

"Desemba, Novemba, Oktoba..."

Mwanzoni alikwama, nikampa mbinu. Tuliigawa miezi mafungu, tukaitia mahadhi kama watoto wa chekechea, na haikupita muda akawa anaishusha kama gari lisilo na breki. Kwa kusimama, nilimchorea mstari wa chaki kwenye sakafu ya baraza. Mimi mwenyewe nilisimama naye kumtia moyo, nikaanguka juu ya ndoo ya mke wangu, jambo ambalo lilipaswa kunifundisha kitu kuhusu kipimo hicho na sikufundishika. Nilimfundisha hata namna ya kujibu. Maswali ya daktari, nilimwambia, ni kama usaili wa kazi: jibu kwa ufupi, usianzishe hadithi.

Nyumba nzima iliambukizwa. Mke wangu alikwenda soko kuu akarudi na kisu na ndizi ambazo hatukuzihitaji.

"Umenitia wazimu na maneno yako," akaniambia. "Afadhali jirani hauzwi."

"Ni kumbukumbu. Inajengwa kwa mazoezi."

"Profesa," akasema. Mimi si profesa. Hunipandisha cheo akitaka kunishusha. "Huyu mtoto mbona anavaa kofia yako humu ndani?"

"Ni mitindo ya vijana."

"Kofia yako? Mitindo?"

Kofia yenyewe ni pana, ya rangi ya kijani iliyokata tamaa, na naivaa kumwagilia mchicha. Ningekuwa mwerevu ningesimama hapo. Mimi ni mtu anayejitapa kwa wasomaji kwamba kazi yangu ni kuona vitu vidogo. Basi nilivyoviona ni hivi. Mpwa wangu aliosha vyombo akiwa amelipa mgongo dirisha. Aliacha kutazama taarifa ya habari, nikamsifu kwa nidhamu. Aliomba redio ipunguzwe, nikasema wapo vijana wastaarabu bado. Nikitoa mzaha alicheka, lakini kicheko kilifika kimechelewa, kama barua ya zamani kutoka Kisaki. Nikadhani mzaha wenyewe ulikuwa mzito.

Na kila nilipomuuliza kama kichwa kinauma, alijibu "hapana." Kwa ufupi. Sikuona kosa lolote katika jibu hilo. Nilikuwa nimelifundisha mwenyewe.

Siku ya kwenda kupimwa alivaa sare ya shule iliyopigwa pasi. Mimi nilivaa koti. Njiani nilimwambia asiwe na wasiwasi, tumesoma silabasi yote. Alitikisa kichwa kukubali, kisha nikamwona anashika paji la uso, na nikamwambia aache woga.

Daktari alitukaribisha. Akavuta kiti. "Haya, mdogo wangu. Nitakutajia maneno matano, na baadaye..."

"Kisu, ndizi, mvua, redio, jirani," akasema mpwa wangu.

Daktari alikuwa bado kinywa wazi.

"Sijayasema bado," akasema.

Mimi nikaanza kusoma bango la ukutani linaloeleza namna ya kunawa mikono. Ni bango lenye mafundisho mengi.

"Sawa," daktari akasema polepole. "Tuache maneno. Nitajie miezi kinyumenyume."

Miezi ilishuka yote kumi na miwili kwa pumzi moja, na mahadhi yake, mpaka kwenye Januari ambako kwa mazoea kidole kiligonga meza, kwa sababu barazani tulikuwa tunamalizia hivyo. Daktari akanitazama. Nikamtazama kwa uso wa mtu anayeshangazwa na vipaji vya vijana.

"Vizuri mno. Sasa simama hapa kwenye mstari wa vigae. Tembea kisigino kwa kidole, na huku ukitembea, toa saba kutoka mia, kisha toa saba tena, uendelee hivyohivyo."

"Hilo halikuwepo," nikasema.

Lilinitoka tu. Nilisema kwa sauti ya mzazi anayelalamika kituo cha mtihani.

Daktari akageuka mzimamzima. "Halikuwepo wapi, mzee wangu?"

Nikarudi kwenye bango la kunawa mikono. Mpwa wangu, kwa kunihurumia nadhani, akaanza kutembea. "Tisini na tatu," akasema, akapiga hatua. "Themanini na..." Akapiga nyingine. Kisha akaweka kiganja ukutani, akafumba macho, akabaki hivyo, na uso wake ukawa na rangi ambayo niliwahi kuiona mara moja tu, siku ile nilipomkuta bwenini, viatu vyake bado mapajani.

Daktari akamkalisha. Hakumuuliza tena hesabu. Alizima taa ya juu, akavuta pazia, na mpwa wangu akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Ni hapo tu, katika chumba kile chenye kiza, nilipoielewa kofia yangu.

"Kichwa kinauma?" daktari akauliza.

Mpwa wangu akanitazama. Nimefundisha kidogo maishani, na mtazamo huo naujua. Ndivyo mwanafunzi anavyomtazama mwalimu kuona kama jibu limo kwenye daftari.

"Mjomba alisema nijibu kwa ufupi," akasema.

"Basi jibu kwa ufupi."

"Kinauma."

"Tangu lini?"

"Hakijaacha."

Daktari akaandika kitu kwenye faili. Halafu akaniambia, bila ukali, na ningependelea ukali, "Mzee, umefundisha vizuri sana. Angevumilia nikamaliza sentensi yangu ya kwanza, na mimi nikatumia maneno yaleyale kwa uvivu, leo ningemruhusu."

Nikasema samahani. Nikaisema tena kwenye korido kwa mpwa wangu, ambaye alikuwa analia bila sauti kwa ajili ya majaribio, huku amevaa tena kofia yangu, aliyokuwa ameibeba kwenye mfuko.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungenirudisha nyuma."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana."

Halafu, tukiwa tumeshafika kwenye gari, akasema, "Na wewe ulikuwa unafurahi sana, mjomba. Siku niliyopata yote ulimpigia mama simu."

Ni kweli nilimpigia. Nilimwambia dada yangu kwamba mtoto amepata mia kwa mia, na dada yangu akauliza mia ya nini, nikamwambia asijali, ni mambo ya kitaalamu.

Majaribio yalipofika tuliona ni bora asiwe mjini kusikia filimbi. Shule zilikuwa zimefungwa. Daktari alisema milima haina neno mradi gari liende taratibu na asitingishwe, na kule juu atembee, atembee tu, na kichwa kikisema kitu asikilizwe yeye, "si mwalimu wake." Basi niliendesha kutoka Mlali kupanda Mgeta kwa mwendo wa maandamano ya Jumapili ya Matawi. Malori matupu yanayofuata kabichi yalinipita moja baada ya jingine, na kondakta mmoja akaning'inia mlangoni akaniuliza kama nimebeba mayai.

"Moja!" nikamjibu.

Mpwa wangu alicheka. Kicheko kilifika kwa wakati.

Dada yangu alitupokea akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alimshika binti yake uso kwa mikono ileile, akamgeuza huku na huku kama anayekagua tikiti sokoni.

"Anaonekana mzima," akasema.

"Ndiyo tatizo lenyewe, dada."

"Ee. Na ile mia kwa mia?"

"Imefutwa."

"Nilijua. Tangu ukiwa mdogo unafaulu vitu ambavyo havijaulizwa."

Jioni tulitembea mpaka uwanjani. Wadogo wa kijiji walikuwa wanacheza, wa kike kwa wa kiume, na walipomwona mpwa wangu walipiga kelele, kwa sababu kule yeye ni mtu mkubwa kuliko mimi na vitabu vyangu vyote. Wakamtaka aingie. Akasema anaumwa, hachezi, anatazama. Akasimama upande wa kulia, ule usio na kitu, mikono nyuma.

Sikupenda aliposimama. Lakini nilikuwa nimeahidi kuacha ualimu.

Haikuchukua muda. Kitoto kimoja cha kule juu, chenye miguu kama ya panzi, kiliutandika mpira ukapaa. Ulikuja moja kwa moja kwake, wa juu, wa taratibu, mpira wa kichwa ambao hata mimi ningeutamani. Watoto wote wakasimama kuangalia anavyoupiga, maana ndicho walichozoea kuona. Nikaona shingo yake inajiandaa. Nikaona kisigino kinainuka.

Akapiga hatua moja pembeni.

Mpira ukapita pale kichwa chake kilipokuwa, ukadunda mara moja kwenye ukingo na kuzama. Tuliusikia ukivunja majani muda mrefu.

Watoto wakamgeukia. Kisha yule panzi, kwa sauti ya mtu anayesimamia sheria hata kwa malkia, akasema, "Dada, umekupita."

"Nimeona," akasema mpwa wangu. "Naufuata."

"Namfuata," nikasema na mimi, kwa sababu kichwa ni changu.

Tulishuka taratibu, tukishika majani. Alikuwa hajui njia. Miaka yote aliyocheza pale hakuwahi kushuka, na ilibidi mimi, bingwa wa bonde, nimwonyeshe pa kukanyaga, wapi kuna utelezi, na kwamba mipira yote hukwama kwenye migomba ileile. Tuliukuta hapo. Nikauweka kwapani. Mto ulikuwa karibu kuliko nilivyokumbuka.

Tulipoanza kupanda, mimi ndiye niliyekuwa nahema. Yeye alikuwa mbele, anapanda vizuri, na nikaanza kuhesabu moyoni wiki za kurudi uwanjani, na timu nyingine ambazo huenda zitakuja. Karibu na nusu ya njia akasimama.

"Mjomba."

"Naam."

"Kinauma. Kidogo, lakini kinauma."

Alisema bila kuulizwa. Nilitaka kumuuliza kidogo kiasi gani, na kama si jua, na kama si njaa. Nikafunga mdomo, nikavua kofia nikampa, tukakaa kwenye jiwe.

Kule juu wakaanza kuita. "Leteni mpiraaa!" Kisha wakaita tena, wamekasirika. Mpwa wangu aliishusha kofia machoni, akaegemea mgomba.

"Waambie wangoje," akasema.

Nikawaambia. Baada ya muda kelele zikapungua, halafu zikakoma kabisa, nikajua wamekwenda kula.